KIDATO KIMOJA MPAKA LINI?



Kabla hujasoma mbele, fanya jambo moja. Toa ndani ya sanduku barua yako ya kwanza ya kuajiriwa. Toa na hati ya mshahara ya mwezi uliopita. Ziweke pamoja mezani, utazame palipoandikwa daraja lako. Kama daraja ni lile lile, na miaka iliyopita katikati imezidi vidole vya mikono yako, basi maneno haya ni yako.

Mimi ni karani wa masjala. Kwa miaka mingi nimetunza mafaili ya watumishi katika idara moja hapa Garissa. Idara hiyo siitaji, kwa kuwa siandiki ili kumshtaki mtu. Karani wa masjala hana cheo kikubwa, lakini ana macho. Huona nani amepanda, nani amebaki, na kwa sababu gani.

Siku moja alifika dirishani pangu mwenzetu mmoja mwenye mvi. Akasema, "Ndugu karani, nitazamie faili langu. Nimebakiza miaka 3 nistaafu, nataka kujua nitaondoka katika daraja gani."

Nikalitoa. Lilikuwa jembamba kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Ndani mlikuwa na barua ya kuajiriwa, barua ya kuthibitishwa kazini, maombi ya likizo, na barua moja ya onyo kwa kuchelewa. Basi. Hamkuwa na fomu hata moja ya tathmini ya kazi. Hamkuwa na vyeti vya masomo aliyosoma kwa fedha zake mwenyewe. Hamkuwa na barua hata moja ya kuomba kupandishwa.

Nikamwuliza, "Mzee, kwani hukuwahi kuomba?"

Akajibu, "Niliomba kwa mdomo. Kila bwana mkubwa aliyekuja nilimwambia. Wote waliniambia ningoje."

Wakubwa watano walikuja na wakahamishwa, na kila mmoja aliondoka na ahadi yake kichwani. Katika faili hakikubaki kitu.

Simcheki mzee huyo. Mimi mwenyewe nilikaa daraja moja miaka 11, mafaili ya wenzangu yote yakiwa mikononi mwangu, na la kwangu sikulifungua. Nilipolifungua nilikuta cheti changu cha ukarani hakimo. Kwa macho ya serikali nilikuwa mtu asiyesoma kitu tangu siku aliyoajiriwa.

Neno letu la leo ni hili: kukwama kazini si majaliwa, wala si laana ya nchi kavu. Ni jambo la hesabu. Kinachohesabika huandikwa, na kilichoandikwa hudaiwa. Na kinachodaiwa na watu wengi kwa pamoja hakitupwi kapuni kwa urahisi kama barua ya mtu mmoja.

KUKWAMA KUNATAMBULIWAJE

Kazi ya mshahara ni ngazi, nayo ngazi ina vidato. Wengi wamesimama juu ya kidato kimoja na hawajijui, kwa sababu kila siku wana shughuli nyingi. Mfugaji anajua jambo hili. Ngamia aliyefungwa kamba miguu ya mbele hupiga hatua usiku kucha, naye huona anakwenda. Asubuhi mwenyewe humkuta karibu na pale pale alipomwacha jioni. Hivyo ndivyo walivyo wengi wetu. Hatua tunapiga, safari hatuendi.

Tazama dalili hizi:

1. Mwezi wako wa nyongeza umepita na mshahara wa msingi haukuongezeka. Kila daraja lina nyongeza zake za mwaka, nazo zina mwisho. Ukifika mwisho wa skeli, nyongeza hukatika. Tangu siku hiyo bei ya unga inapanda, nauli ya Nairobi inapanda, wewe umesimama.

2. Kijana uliyempokea kazini na kumwonyesha njia ndiye leo anayekutilia sahihi karatasi ya likizo, na hakuna aliyekuambia alipanda kwa kipimo gani.

3. Unakaimu. Mwaka wa kwanza kaimu, wa pili kaimu, wa tatu kaimu. Kazi ni ya mkubwa, mshahara ni wa mdogo, na lawama ni zako. Sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 yasema kukaimu kusipungue siku 30 na kusizidi miezi 6. Hesabu miezi yako.

4. Majina ya kwenda mafunzoni yakitoka, ni yale yale ya mwaka jana.

5. Umeacha kuuliza. Hii ndiyo dalili mbaya kuliko zote. Mtu aliyekwama mwaka mmoja hulalamika. Aliyekwama miaka kumi huanza kuwaambia vijana, "Hapa ndivyo ilivyo." Akifika hapo, amekuwa mlinzi wa mlango uliomfungia yeye mwenyewe.

Lakini tusichanganye mambo. Aliyepandishwa juzi hajakwama. Aliyepewa cheo Hulugho akakikataa kwa kuwa hataki kutoka mjini amechagua mwenyewe, na hana haki ya kulia pamoja nasi. Na asiyefika kazini ila siku ya mshahara, huyo asitumie jina la chama kufunika uvivu wake. Tunasema juu ya mfanyakazi aliyetimiza miaka yake, ana vyeti vyake, kazi yake yaonekana, na ngazi mbele yake imekatwa vidato.

MANENO YANAYOTULAZA

Tukidai haki hii twapewa majibu manne. Tuyatazame moja moja.

La kwanza: "Mshukuru mna kazi. Tazameni vijana wangapi wako nje." Ni kweli vijana wako nje, nao ni watoto wetu. Lakini mtumishi aliyekwama humsaidia vipi kijana asiye na kazi? Kidato cha chini hakina nafasi kwa sababu aliye juu yake hasogei. Mzee akipanda, nafasi yake huwa wazi. Anayetugombanisha na watoto wetu hataki kuwapa kazi wao wala kutupandisha sisi.

La pili: "Lakini mnapata marupurupu ya mazingira magumu." Jibu hili latumika sana huku kwetu, Garissa, Wajir na Mandera. Ndugu, marupurupu hayo ni malipo ya joto, umbali, maji ya shida na hatari za njiani. Si malipo ya cheo. Tena yanakuja na kwenda: ukihamishwa yamekwisha, ukistaafu yamekwisha. Uzee wetu unapimwa kwa mshahara wa msingi. Katika mpango mpya wa malipo ya uzeeni ulioanza Januari 2021 kwa walimu na watumishi wa serikali kuu, mfanyakazi hutoa asilimia 7.5 ya mshahara wa msingi, na serikali hutoa asilimia 15 ya mshahara huo huo. Mshahara wa msingi ukikaa chini, vyote viwili vinakaa chini. Kwa hiyo anayekunyima daraja leo anakunyima na chakula cha siku zako za mkongojo.

Tufanye hesabu ya mfano tu. Kama tofauti ya daraja lako na lile unalostahili ni shilingi 5,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 60,000, na kwa miaka 12 ni 720,000. Nenda soko la mifugo la Garissa uulize fedha hiyo inanunua mbuzi wangapi. Ni zizi zima. Mtu akikuibia mbuzi mmoja utaita bula nzima. Zizi zima limekwenda nawe umenyamaza.

La tatu: "Hakuna pesa." Wa kaunti hutuambia kwamba kanuni za fedha za 2015 zakataza mishahara kupita asilimia 35 ya mapato. Kanuni hiyo ipo, nasi hatuikani. Lakini kanuni hiyo haikusema kizuizi kianzie kwa muuguzi wa Modogashe na karani wa Masalani. Mwenye kusema hana pesa za kupandisha aonyeshe kwanza orodha ya walioajiriwa mwaka huo huo, katika vyeo gani, na waliomba lini. Wanaostaafu kila mwaka je, mishahara yao huenda wapi? Pesa zikiwa chache, ndipo orodha ya haki inapohitajika zaidi, si kidogo.

La nne: "Nendeni mkasome." Hili lina ukweli ndani yake, kwa hiyo ndilo la hatari. Kusoma ni wajibu. Lakini wangapi wamesoma? Mwalimu ameuza ng'ombe, amekaa darasani kila likizo, amerudi na shahada, akaambiwa shahada hiyo haimpandishi. Tutalirudia jambo hili mbele.

MIZIZI YAKE

Yafaa tujue kwa nini jambo hili lina uzito zaidi katika nchi yetu.

Wakati wa ukoloni utumishi wa serikali ulikuwa na ngazi tatu kwa rangi ya ngozi: ya Mzungu, ya Mhindi na ya Mwafrika. Mwafrika aliyefika cheo cha juu, mwenye ujuzi ule ule, alihesabiwa sehemu tatu tu kati ya tano za mshahara wa Mzungu. Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 ndiyo iliyoshauri kuondoa ngazi za rangi. Tom Mboya aliyajua haya mwilini mwake. Alikuwa mkaguzi wa afya wa baraza la jiji la Nairobi, akaona wakaguzi Wazungu wakilipwa mara nyingi kuliko Waafrika kwa kazi hiyo hiyo. Hakwenda kumbembeleza bwana mkubwa faraghani ampe yeye nyongeza. Aliwaunganisha wafanyakazi wenzake, na mwaka 1953 akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi.

Huku kwetu palikuwa na kufuli la pili. Sheria ya Wilaya za Pembeni ya 1902, na ile ya Wilaya Maalum ya 1934, zilifunga nchi hii. Mtu hakuingia wala kutoka bila ruhusa. Uhuru ulipokuja Desemba 1963, mwezi huo huo ikatangazwa hali ya hatari katika jimbo letu, nayo haikuondolewa mpaka 1991. Waraka wa serikali Nambari 10 wa 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo zipelekwe kwanza kwenye sehemu zinazoleta faida kubwa upesi. Nchi ya ngamia haikuhesabiwa humo. Ndipo ikawa desturi: mtumishi aliyekosa Nairobi anatishwa kupelekwa kaskazini kama mtu anayepelekwa kifungoni. Na nchi ikifanywa kifungo, anayefanya kazi humo huonekana mfungwa. Mfungwa haandikiwi barua ya kupandishwa cheo.

Halafu zikaja siku za damu. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, walimu wakiwamo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Tarehe 13 Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hii yetu. Baada ya mashambulizi hayo walimu wengi wasio wenyeji walihama au walihamishwa, na mwaka huo wa 2020 Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, iliwaondoa kwa wingi. Hatumlaumu aliyeondoka kuokoa roho yake. Wenzetu walikufa chaki ikiwa mikononi mwao.

Lakini nani amemhesabu aliyebaki? Shule yenye walimu sita ikibaki na wawili, hao wawili hufundisha madarasa yote, hushika ufunguo wa ghala, hujaza fomu za mitihani, na hulala wakisikiliza mlango. Watu wa namna hiyo wangestahili kupandishwa mbele ya wote. Badala yake wanaambiwa, "Hukufika kwenye mahojiano," na siku ya mahojiano barabara ilikuwa imekatwa na mafuriko, au shuleni hapakuwa na mtu wa kumwachia watoto. Kazi iliyofanywa mahali pagumu yapasa ihesabiwe mara mbili. Kwetu haihesabiwi hata mara moja.

Tena tusiwasahau walio chini kuliko sisi. Katika kambi za Dadaab, zilizofunguliwa tangu 1991, kuna wakimbizi wanaofundisha, wanaotibu na wanaotafsiri. Hawalipwi mshahara, hupewa kifuta jasho tu, mbali chini ya mshahara wa Mkenya aliye nao chumba kimoja. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 ilitaja haki yao ya kufanya kazi. Haki iliyotajwa si haki iliyotolewa. Sisi tumekwama kwenye kidato. Hao hawajapewa ngazi. Mfanyakazi anayemdharau aliye chini yake anamfundisha mwajiri jinsi ya kumdharau yeye.

MAKOSA YETU WENYEWE

Sasa tuseme kweli ambayo haitawapendeza wote.

Kosa la kwanza ni kutafuta mtu. Kila mmoja ana "mtu wake wa juu". Huyu ana mjomba, yule ana mbunge, wa tatu ana shemeji katika bodi. Kila mmoja anakwenda usiku kwa njia yake, na asubuhi twakaa pamoja kwenye chai tukilaani upendeleo. Mlango wa nyuma ukimpitisha mmoja, umewafungia ishirini. Tena anayepanda kwa mgongo wa mtu hushuka mtu huyo akishuka. Tumeona baada ya kila uchaguzi.

Kosa la pili ni ukoo na utokako. Twaambiana, "Cheo hiki ni cha watu wetu," au, "Huyu ametoka Kenya ya chini, atapanda kwao." Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 yenyewe yataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazini zijazwe na watu wasio wa jamii iliyo kubwa katika kaunti. Kwa hiyo huyu si mgeni, ni mtumishi kama wewe. Na mwenyeji naye asiambiwe kwamba kwa kuwa yuko kwao hana haja ya kupanda. Mwajiri hufurahi sana akituona tukipigania mfupa mmoja kwa majina ya mababu. Wakati huo hakuna anayemwuliza nyama ilikwenda wapi.

Kosa la tatu ni la vyama vyetu. Makato ya chama hukatwa kila mwezi pasipo kukosa. Lakini kiongozi huonekana lini? Wakati wa uchaguzi, na wakati wa mgomo. Katibu asiyeweza kutaja wanachama wake wangapi wamekaa daraja moja miaka zaidi ya 6 hajui anamwakilisha nani. Twasema hivi kwa heshima, na twasema kwa sauti.

Na kosa la nne ni kutengana kwetu pale pambano linapokuwa kali. Hapa turudie habari ya walimu. Mwaka 2016 vyama vya walimu na TSC vilitia sahihi mapatano ya miaka 2017 hadi 2021. Yakaja madaraja mapya, yanayoanzia B5 na kuishia D5, na mwongozo mpya wa kupanda vyeo. Mwalimu aliyesoma akitumaini cheti chake kitampandisha, kama kilivyowapandisha waliomtangulia, akaambiwa cheti peke yake hakitoshi tena. KNUT ikaenda mahakamani. Julai 2019 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi ikaamua kwamba miundo ya zamani iendelee kutumika kwa wanachama wake.

Ilikuwa shangwe. Kisha nini? TSC ikawaondolea wanachama wa KNUT nyongeza za mwongozo mpya, wengine wakaachiwa. Katika shule moja, walimu wa kazi moja, mishahara ikawa miwili. Walimu wakaanza kujitoa, leo mia, kesho elfu. Chama kilichokuwa na wanachama zaidi ya 180,000 kikabaki na sehemu ndogo tu kufikia 2021. Wako wanaosema mahakama ilikosea, wako wanaosema TSC iliadhibu, wako wanaosema viongozi walikuwa wakaidi. Sisi twachukua fundisho moja: hukumu njema haiwezi kuwalinda watu waliokwisha kutawanyika. Ukishinda mahakamani na ukashindwa shuleni, umeshindwa.

KIFANYIKE NINI

Twaona kazi hii ni ya namna mbili. Namna moja ni ya kila mtu kwake, namna ya pili ni ya sote. Ya kwanza bila ya pili ni kujisumbua. Ya pili bila ya kwanza ni kelele.

Kila mtu kwake:

1. Lifungue faili lako. Katiba ya 2010, Ibara ya 35, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, zakupa haki hiyo. Omba kwa maandishi. Ofisi yatakiwa ijibu ndani ya siku 21. Tazama kilichomo na kisichomo.

2. Usitie sahihi tathmini ya mwaka bila kuisoma, wala usikubali mwaka upite bila tathmini. Weka nakala nyumbani. Faili la ofisini laweza kupotea. Mwaka 2013, kazi nyingi zilipohamishwa kutoka wizara kwenda kaunti, niliona kwa macho yangu makaratasi yakibebwa katika magunia.

3. Kila cheti kipeleke pamoja na barua, upigiwe muhuri wa kupokelewa juu ya nakala yako. Cheti kisicho na muhuri ni pambo la ukutani.

4. Kabla ya kulipa karo, soma muundo wa utumishi wa kazi yako. Uliza kidato kinachofuata kinadai nini. Usisome kwa kumfuata jirani.

5. Omba kupandishwa kwa barua, si kwa mdomo. Ukikataliwa, Ibara ya 47 ya Katiba yakupa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Mtumishi wa kaunti asiyeridhika na uamuzi wa bodi aweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90. Na kwa madai mengi ya kazi mlango wa mahakama hufungwa baada ya miaka 3. Anayengoja miaka 10 kwa adabu, adabu yake imemla.

Sote pamoja:

1. Twataka orodha. Kila idara ibandike ubaoni majina ya watumishi wake, tarehe ya kuajiriwa, daraja, na tarehe ya kupandishwa mara ya mwisho. Si siri. Ibara ya 232 ya Katiba yataka watu wapandishwe kwa ushindani wa haki na kwa ustahili, na wapate nafasi sawa za mafunzo na maendeleo. Haki isiyoonekana ubaoni tutaijuaje?

2. Kila nafasi itangazwe mpaka Hulugho, Liboi na Balambala, na mahojiano yapangwe kwa kufikiri barabara na usalama wa njia.

3. Anayekaimu apite miezi 6, ama athibitishwe, ama arudishwe kwenye kazi yake na alipwe haki yake ya muda aliokaimu.

4. Mambo haya yaandikwe katika mapatano ya chama na mwajiri, pamoja na tarehe. Tena yasimamiwe. Madaktari waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakapata mapatano. Mwaka 2024 walilazimika kugoma tena siku 56, madai mojawapo yakiwa mapatano yale yale yatekelezwe. Karatasi isiyolindwa hugeuka kuwa ya kufungia sukari.

Watatokea wa kusema haya ni uchochezi. Kumwambia mtu asome faili lake ni uchochezi? Kuomba orodha ubaoni ni uchochezi? Mwenye hesabu safi haogopi kuhesabiwa.

Watatokea na wengine, wenzetu hawa, wa kusema, "Karani, sisi tumechelewa. Tumebakiza miaka miwili mitatu." Kwao najibu hivi. Yule mzee wa faili jembamba tuliandika naye barua siku ile ile. Tulikusanya vyeti vyake, tukavipeleka kwa muhuri. Alipandishwa daraja moja kabla ya kustaafu. Daraja moja tu, na alistahili matatu. Alipokuja kuniaga hakunishukuru. Alisema, "Kwa nini hukuniambia mwaka wa kwanza?" Sikuwa na jibu. Makala haya ndiyo jibu langu, nalo limechelewa.

Basi katika mkutano wetu ujao kila mwanachama aje na karatasi tatu: barua ya kuajiriwa, barua ya mwisho ya kupandishwa kama anayo, na hati ya mshahara ya mwezi uliopita. Asiye na barua ya kupandishwa aje na mkono mtupu, auinue. Tutaihesabu mikono hiyo mmoja mmoja, tuandike hesabu, na hesabu hiyo ndiyo tutakayopeleka kwa mwajiri. Hatutapeleka malalamiko, tutapeleka hesabu.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako. Asiyejua kusoma msomee. Usifungie sukari.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu katika kazi,
Karani wa Masjala, Garissa.